Mwili Uliomkataa Bibi

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja kazini alirudi kutoka likizo na mfuko wa korosho za kukaanga. Alizimimina kwenye sahani juu ya meza ya chai, na chumba kizima kikanuka harufu ambayo mtu aliyekulia pwani hawezi kuikosea. Watu wakakusanyika, wakachota kwa viganja, wakacheka vinywa vimejaa. Mimi niliinuka taratibu, nikafungua dirisha, nikatoka ukumbini nimeweka simu sikioni kana kwamba kuna aliyenipigia. Nilidhani hakuna aliyeniona. Baadaye yule dada akanifuata, amenawa mikono mpaka viwiko, maji bado yanamchuruzika.

"Nisamehe, Shufaa. Wallahi sikujua. Wameniambia sasa hivi."

Nikamwambia hakuna ubaya, na kweli hapakuwa na ubaya. Lakini siku nzima moyo wangu ulikuwa chini. Tangu nikiwa mtoto watu wananiomba radhi kwa kosa la kula, na kila ninapoombwa, najiona mimi ndiye ninayepaswa kuomba.

Wenzangu mliokulia kisiwani kwetu, mtaa wa Mkomani, mnajua nyumba zetu zilivyo. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na ukikaanga kitu, mtaa mzima unajua mnakula nini. Jiko letu lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, na lilikuwa jiko la Bibi. Mama alipika humo, ila kama mgeni aliyekaribishwa. Bibi, mamake Baba, watu walimwita Bi Aziza. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili waisikie. Kashata zake za korosho zilikuwa na jina. Harusi ilikuwa haijawa harusi mpaka sinia la Bi Aziza lipite.

Baba alifanya kazi Mokowe, ng'ambo ya bahari, akivuka asubuhi na kurudi alasiri, na msimu ulipofika alikuja na kigunia begani, korosho mbichi na maganda yake. Bibi alizichoma mwenyewe kwenye debe lililotobolewa matundu, uso ameukunja kwa moshi. Alizibangua kwa kijiwe, akazipepeta, kisha akazirudisha motoni pamoja na sukari na iliki. Mimi nilikaa juu ya kibao cha mbuzi nikingoja. Sukari ilipoanza kushika, Bibi alimega kipande kwa ncha za vidole, akakipuliza, akanitia mdomoni.

"Onja, mwanangu. Iliki yatosha?"

Nami nilifumba macho kama mtu mzima anayefikiri, halafu nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa mwonjaji wake. Nimepata vyeo viwili vitatu katika maisha yangu, lakini hakuna kilichonipa fahari kama kile.

Siku yenyewe ilikuwa ya maandalizi ya Idi. Bibi alinionjesha, nami nikamwambia mdomo unaniwasha. Nilikuwa nimewahi kumwambia hivyo, na yeye akanijibu kama siku zote: "Moto wa sukari huo. Ngoja upoe." Nikangoja. Badala ya kupoa, mwasho ukashuka kooni. Midomo ikawa minene kama ya mtu mwingine, masikio yakawaka, tumbo likanikata, kisha kifua kikafunga. Nakumbuka navuta pumzi na pumzi haiji, inatoa mlio mwembamba uliotutisha sote wawili. Nakumbuka Bibi amenishika mashavu kwa viganja vinavyonata sukari, ananisomea Ayatul Kursi usoni, na ile sauti yake ya chini imepanda mpaka imekuwa ya mtu nisiyemjua. Alidhani ni jicho la hasidi.

Mama ndiye aliyeninyakua. Alikuwa chini akifua, akasikia. Alinibeba miguu mitupu, buibui amelishika kwa meno, akakata vichochoro. Pahali fulani punda waliobeba mchanga walikuwa wameziba njia, na Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, aliwatolea wenye punda maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika. Hospitalini nilidungwa sindano ya paja. Nikaanza kutetemeka, moyo ukaenda mbio, lakini pumzi ikarudi kidogo kidogo, mpaka nikaweza kulia.

Nilipokuwa nimelala pale, daktari alizungumza na Mama juu ya kichwa changu, kama wakubwa wanavyozungumza wakidhani mtoto hasikii.

"Ni aleji. Mwili wake umeikataa korosho. Unaiona kama adui. Ikiingia tu, mwili unaanza kupigana nayo, na vita hivyo ndivyo vinavyoweza kumuua."

"Lakini bibi yake ndiye anayezipika nyumbani," Mama akasema. "Kila mara yuko naye jikoni."

"Basi zitoke nyumbani. Asizile wala asikae karibu nazo."

Daktari alisema kweli, na alisema vizuri. Mimi ndiye niliyeyasikia maneno yake kwa masikio ya mtoto ambaye hata miaka minane hajatimiza. Kwangu mimi korosho hazikuwa tunda la mti. Korosho zilikuwa Bibi: leso yake, nywele zake, vidole vyake mdomoni mwangu. Kwa hiyo nilichosikia ni kwamba mwili wangu umemkataa Bibi, unamwona adui, na lazima mmoja wetu atoke.

Tuliporudi nyumbani siku iliyofuata, jiko lilikuwa limesuguliwa mpaka sakafu imebadilika rangi. Debe halikuwapo. Kikaango hakikuwapo, wala ule mwiko mrefu wa mti. Bibi pia hakuwapo.

"Yuko wapi?"

"Ameenda Kipungani kwa dada yake," Mama akasema. "Amechoka, anapumzika."

Bibi hakuwa mtu wa kupumzika. Nilijua kwamba amejua. Kuna mtu amemwambia kuwa mjukuu wake, ndani kabisa pasipoonekana, anamchukia, naye kwa heshima yake akachukua nguo zake akaondoka bila kuniaga.

Nilianza kuitafuta hiyo chuki. Nililala chali baada ya swala ya adhuhuri, wakati nyumba imetulia, nikijipekua kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Nilimwaza Bibi uso wake, nikangoja nione kama nitahisi kitu kibaya. Nilichohisi ni hamu ya kumwona. Hilo lilinitisha zaidi. Kama mwili unaweza kumchukia mtu ambaye mimi nampenda hivi, basi haunisikilizi kabisa. Utamkataa nani kesho?

Mama alininunulia sahani yangu peke yangu, ya bati, yenye maua, na kijiko changu, na kikombe. Alifanya kwa mapenzi. Wao walikula kwenye sinia moja kama watu wote, mimi nikakaa pembeni na sahani yangu, miguu nimeikunja. Siku moja nilimwona Baba ananyoosha mkono kuniwekea kipande cha samaki, halafu akakumbuka, akaurudisha. Niliuona mkono ule ukirudi, na nikajiambia: hata Baba sasa.

Kuanzia hapo nilianza kuacha vyakula, kimoja kimoja. Kwanza kila kilicholetwa na jirani. Kisha mikate ya dukani, kisha tambi, kisha samaki, kwa sababu nilimsikia mtu akisema wako watu wanaokataliwa na samaki. Nilikula wali mweupe aliopika Mama nikimtazama, na hata huo niliutafuna mpaka ukawa maji. Baada ya kila tonge nilishika koo langu nikisikiliza. Na mtu akisikiliza koo lake kwa bidii hivyo, hakosi kusikia kitu. Nikawa mwembamba mpaka sare ya shule ikanipwaya, na mwalimu wa madrasa akamwuliza Baba kama nyumbani kuna shida.

Shuleni mtoto mmoja wa kike, rafiki yangu, alifungua njugu karibu nami wakati wa mapumziko. Njugu za kawaida, wala si korosho. Niliisikia ile harufu ya kuungua kidogo, nikaona mikono yangu inakufa ganzi, kifua kinapanda na kushuka, macho yanaingia giza. Nikaanguka. Walinikimbiza hospitalini wakiwa wamenibeba kwenye dawati. Daktari akanitazama midomo, ngozi, koo, akasikiliza kifua, akasema hakuna kitu.

"Hana kitu?" Mama akauliza.

"Hana aleji leo. Kifua ni safi. Ameogopa."

Mtu mmoja pale kwenye benchi akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watoto wa siku hizi wanajua kuigiza. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni, analia, pakiti ya njugu bado ameikamata mkononi. Mama yake alikuja baadaye nyumbani kwetu kuomba msamaha. Nilijificha chini ya kitanda mpaka alipoondoka. Afadhali ningekuwa nakufa kweli, niliwaza, kuliko kuwaliza watu bure.

Yule daktari alimwambia Mama kwamba hofu nayo inatibika, na kwamba kuna mshauri nasaha anayeonana na watoto. Nyumbani maneno hayo yalizua kelele.

"Mtoto wangu hana wazimu," Baba akasema.

"Sijasema ana wazimu. Nimesema hali chakula."

"Watu watasema nini?"

"Watu si wao wanaompakulia akakataa kula, kisha wakalia jikoni," Mama akajibu.

Mshauri aliitwa Bi Saumu, mwanamke wa Pate, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Chumba chake kilikuwa kidogo, nusu kimejaa maboksi ya dawa, na alikuwa ametandika mkeka chini badala ya kutumia kiti. Alimwomba Mama akae nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi ili nimwone. Nilitegemea aniulize kuhusu korosho. Hakuuliza. Aliniuliza nani ananisuka nywele, paka wetu anaitwaje, nikipanda juu darini naona paa la nani. Mara ya pili akaniuliza nakula na nani.

"Na sahani yangu."

"Sahani si mtu," akasema, na akaacha hapo.

Sijui tulionana mara ngapi kabla sijamwambia. Najua nilikuwa nimeshamzoea kiasi cha kujilaza pale mkekani. Alikuwa ameniuliza kwa nini naogopa wali ambao nimeuona ukipikwa.

"Mwili wangu utaukataa na wali."

"Nani amekwambia?"

"Daktari. Alisema mwili wangu unamwona Bibi adui."

Bi Saumu alivua miwani. Hakucheka, wala hakusema "Ah, mtoto!" kama wengine wangesema. Alifuta miwani kwa ncha ya leso, akairudisha usoni.

"Na Bibi anajua?"

"Ndiyo maana aliondoka."

"Wewe unamchukia Bibi?"

"Nimetafuta," nikamwambia. "Sijaona. Lakini mwili unajua."

Hapo ndipo nilipolia, kilio ambacho nilikuwa nimekizuia tangu nione jiko lililosuguliwa. Bi Saumu aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia polepole kwamba mwili wangu haumjui Bibi, haujui jina lake wala mapenzi yake. Unajua korosho peke yake, na hata korosho umeikosea, umeidhania sumu wakati si sumu. "Mwili umekosea," akasema. "Wewe hukukosea, na Bibi hakukosewa." Nilimsikiliza. Nilitaka kumwamini. Lakini nikamwuliza, kama ni hivyo, mbona Bibi harudi?

"Hilo," akasema, "tumwulize mwenyewe."

Baba alikwenda Kipungani kumchukua, akarudi peke yake. Bibi alikuwa amekaa na dada yake wanasuka mikeka, alisema, na hakuinua kichwa. Alimjibu kwamba hana la kusema hospitalini. Siku chache baadaye Mama akaenda mwenyewe. Tangu aolewe, sijawahi kusikia kwamba Mama alimkabili Bibi kwa jambo lolote, na alichomwambia siku ile hakuwahi kutueleza. Lakini Bibi akaja.

Nilimwona akiingia kile chumba cha maboksi nikashtuka. Alikuwa amepungua. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikikonda. Alikaa mbali nami kadiri chumba kilivyoruhusu, mikono ameifunika ndani ya buibui. Baba alikaa karibu na mlango, kama mtu anayetaka kuondoka. Bi Saumu akasema kila mmoja aeleze siku ile ilivyokuwa kwake, na kwamba hapa hakuna kadhi, hakuna atakayehukumiwa.

Bibi ndiye aliyeanza, akitazama mkeka.

"Aliniambia kanwa lamuwasha. Si mara moya. Nami nikamwambia ni moto wa sukari. Kijana ananiambia yuafa, nami namwambia angoje upoe."

"Mama, hukujua," Baba akasema.

"Sikuyua. Na mkono ulomlisha ni huu huu. Nitaurudishaje jikoni?"

Mama naye akaanza. Alisema alinisikia nikikohoa alipokuwa anafua, akasema moyoni kwamba nimepaliwa, akamalizia kusuuza nguo moja ndipo akapanda. Ile nguo moja, akasema, huiota. Baba akajikuna ndevu, akasema kwamba korosho ni yeye aliyezibeba kutoka Mokowe, kila msimu, na kwamba tangu siku ile hakuweza kuniwekea chakula kwa mkono wake akiogopa ameshika kitu njiani. Nilikuwa nimekaa kati yao nikigeuza kichwa huku na huku. Sikuwahi kufikiri kwamba mkono wa Baba ulirudi kwa sababu hiyo.

"Shufaa," Bi Saumu akasema, "utamwambia Bibi ulichoniambia mimi?"

Nilisema sitaki. Akasema si lazima. Basi nikasema.

"Bibi, mwili wangu unakuchukia, lakini mimi sikuchukii."

Bibi aliinua kichwa. "Mwili wako wanitukia mimi?"

"Daktari alisema. Wewe ni adui. Ndiyo ukaondoka."

Nikaona uso wa Bibi ukivunjika, na kwa miaka mingi baadaye nilijilaumu kwa kuuvunja. Alitoa mkono ndani ya buibui akaunyoosha kuja kwangu, kisha ukasimama katikati, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Umeshika korosho leo, Bi Aziza?" Bi Saumu akauliza.

"Sijazishika tangu siku ile. Wala sitazishika."

"Umenawa?"

"Kwa sabuni. Hapo nje."

"Basi mkono huo hauna kitu. Shufaa, unataka akushike?"

Nilitaka na niliogopa. Niliitikia kwa kichwa. Bibi alinigusa shavu, na mimi nikakaza mwili wote nikingoja mwasho. Mkono ulinuka sabuni na ukindu wa mikeka. Nilingoja, nikangoja. Hakuna kilichonipata, isipokuwa machozi ya Bibi yaliyonidondokea gotini.

Ningependa kuwaambia kwamba tulitoka mle tumepona. Haikuwa hivyo. Bibi alirudi Kipungani siku ile ile, na mimi kesho yake nilishindwa kumaliza wali. Lakini Bi Saumu hakutuacha. Alitufundisha, nyumba nzima, jinsi ya kutofautisha hofu na aleji: tazama midomo, tazama ngozi, sikiliza mlio wa kifua, angalia kama anatapika au anaishiwa nguvu. Ukiona dalili hizo baada ya kula, au hata ukiwa na shaka, usingoje, mbebe. Alinifundisha kuweka mkono tumboni na kutoa pumzi polepole moyo unapokwenda mbio. Alinifundisha sentensi ya kumwambia anayenipa chakula, niiseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kumtazama Mama, na tuliirudia mpaka haikunitetemesha. Sahani ya maua aliiacha, ila alitaka isogezwe karibu na sinia, kila wiki karibu zaidi, mpaka siku moja nikatia mkono kwenye sinia lenyewe bila kutambua. Baba alitambua. Aliinuka akasema anakwenda kunawa, na alikuwa ameshanawa.

Kipungani tulikwenda siku za mapumziko. Mara ya kwanza Bibi alikataa kabisa kunipikia; dada yake ndiye aliyepika, na Bibi alikaa kando na ukindu wake akinitazama koo. Mara nyingine alinipa nafasi nikoshe sufuria mwenyewe, nioshe mchele mwenyewe, nikoroge mwenyewe, na yeye akawasha moto tu. Alikula tonge la kwanza mbele yangu. Nilipokula langu niliona midomo yake inacheza, anasoma. Nilimwonea huruma mpaka chakula kikawa kigumu kumeza. Mtu aliyekuwa akilisha harusi nzima sasa alisoma dua kwa tonge la wali.

Kashata hakuzipika tena. Shangazi yangu alipoolewa, wanawake walikuja kumbembeleza, wakasema atapika nyumba nyingine, mtoto hatakuwapo, atakoga kabla ya kurudi. Akakataa. Sinia lilipita na kashata za mtu mwingine, na nilisikia mgeni mmoja akisema si kama za Bi Aziza. Nimesoma, nimekua, naweza kumweleza mtu yeyote kwamba mzio si kosa la mgonjwa. Hilo nalijua kabisa. Lakini pia najua kwamba mji mmoja ulikosa kitu kitamu kwa sababu ya koo langu, na kwamba bibi yangu alizeeka bila kazi ambayo mikono yake iliipenda. Bi Saumu aliwahi kuniambia, nilipokuwa msichana mkubwa, kwamba huenda hisia hiyo isiondoke yote, na kwamba si lazima iondoke ndipo niishi. Namshukuru kwa kutonidanganya.

Lakini nirudi nyuma kidogo, kwenye Idi ya mwaka uliofuata ugonjwa wangu, Bibi alipokubali kuja kukaa nasi. Baada ya swala, kama mjuavyo, sahani zilianza kutembea mtaani, kila nyumba ikiipelekea nyumba jirani. Bibi alijiweka kwenye daka, mlangoni, kanzu yake mpya, akapokea. Kila sahani aliiuliza kilicho ndani. Penye njugu au korosho, alishukuru, akamwombea mleta, akamrudishia. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, uso unawaka. Kurudisha sahani siku ya Idi! Nilitamani niwe nimezaliwa nyumba nyingine, niwaache kwa amani.

Kisha akaja Bi Rukia, jirani yetu wa ukuta, ambaye Bibi alikuwa amekula naye Idi tangu wote wawili ni wanawali. Alileta halwa na kashata, alizopika mwenyewe, akasema, kwa kuwa Bi Aziza siku hizi hapiki.

"Ahsante, Bi Rukia. Mungu akuzidishie," Bibi akasema. "Lakini sitaweza kuipokea. Ina korosho."

"Wanirudishia sahani yangu siku ya Idi?"

"Naogopa, mwenzangu."

"Iweke juu kabatini! Mtoto asipewe, basi. Nyumba nzima mfunge kwa ajili ya mtoto mmoja?"

Alisimama tu na sahani mikononi, imefunikwa kitambaa, na niliona ameisogeza mbali na kifua chake. Alikuwa ameshika korosho. Sikuamua, miguu ndiyo iliyonitoa nyuma ya mlango. Niliisema ile sentensi, mbele ya Bi Rukia na wapita njia.

"Mimi ndiye nisiyekula korosho. Nikila, sipumui. Bibi hana makosa. Tafadhali usinipe."

Ningesema kwamba Bi Rukia aliinama akanibusu, lakini hakufanya hivyo. Alinitazama, akamtazama Bibi, akachukua sahani yake. "Mwamlea kwa woga," akasema, akaenda zake, na kitambaa cha sahani kikaanguka njiani asirudi kukiokota. Hakutusalimu kwa muda mrefu. Tulipokutana naye kichochoroni alipita amekaza shingo, nami kila mara nilitamani ardhi inimeze.

Bibi alikwenda kwenye birika, lile tangi la maji la ndani, akanawa, akarudia, akarudia tena. Nilimfuata nikilia.

"Umegombana na Bi Rukia kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yangu," Bibi akasema, akijipangusa. "Nataka kulala. Tangu siku ile sijalala usingizi wa kweli. Sahani ile ingekaa kabatini, yeo ningelala?"

Nilimwambia sijui.

"Nami siyui," akasema. "Ndoo tule."

Tukapanda juu. Mama alikuwa ameshapakua, na Baba alisogea akatuachia nafasi.